Jino la Nne la Mzee Jazi

Leo nimesikia redioni kwamba Mzee Jazi amefariki, na jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kusikitika, lilikuwa kushuku. Mtangazaji, kijana mwenye haraka, alisema marehemu alikuwa mpiga tarumbeta hodari wa bendi za jazz enzi za wazee wetu, kwamba baadaye alirudi kwao Kigoma, na kwamba aliishi kijijini "akipendwa na watu wote." Nikaacha kukoroga maharage. Watu wote wepi? Nani kampa habari hizo? Mimi nilikuwa mtu wa kijiji hicho, tena niliishi naye ua mmoja, na nakumbuka vizuri sana jinsi tulivyompenda.

Kisha wakapiga wimbo. Wa rika langu mnazijua nyimbo hizo, maana wazazi wetu walitulazimisha kuzisikia kila Jumapili mchana. Magitaa yanaanza taratibu, waimbaji wanamlalamikia mwanamke aliyeondoka, wanalalamika mpaka unamwonea huruma huyo mwanamke badala yao, halafu katikati tarumbeta linaingia. Lile tarumbeta liliposhika tu, jikoni kwangu kukanuka jivu na ndimu. Sikuwa na ndimu, na jivu silijui siku hizi kwa kuwa napikia gesi. Lakini harufu ilikuja, ikakaa, nami nikalazimika kukaa nayo.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu hunitania kwamba nikipewa zawadi nainusa kwanza. Simkatalii. Nililelewa na watu wa kushuku, mahali ambapo kushuku kulihesabiwa kuwa akili.

Nyumba ya Bibi ilikuwa nje kidogo ya Kasulu, kwenye njia ya kwenda Muyama, ikitazama barabara mbele na migomba nyuma. Mama yangu alikuwa akichuuza vitenge na sabuni Mabamba, mpakani kabisa na Burundi, akija kutuona mara moja kwa mwezi, basi Bibi ndiye aliyekuwa mama wa siku zote. Alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa ya bati wakati majirani wengi bado walikuwa na nyasi. Bati lile lilikuwa fahari yake na pia lilikuwa shida yake, kwa sababu mjane mwenye bati huulizwa maswali. Nyuma kulikuwa na chumba kimoja chenye mlango wake, na hicho ndicho alichompangisha mgeni.

Alifika mchana, kwa miguu, na begi la nguo begani, na mkononi ameshika kitu kilichofungwa ndani ya gunia kwa kamba nyingi. Alisema baba yake alikuwa mtu wa kwetu, aliyechukuliwa kuwa manamba kukata mkonge Tanga, na kwamba yeye alizaliwa hukohuko kambini. Tarumbeta alijifunzia palepale kwenye mkonge, kisha akaingia bendi za jazz na kuzunguka nchi nzima. Sasa amerudi kwao. Wazee wakamwuliza jina la babu, akalitaja. Wakatazamana. Jina walilijua, ila jina mtu yeyote anaweza kuliokota.

Kiha chake kilikuwa cha kubahatisha, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kitamu mno. Hilo lilimharibia zaidi. Siku hizo kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilikuwa imejaa, na kila mtu asiyesema kama sisi alishukiwa kuwa mkimbizi aliyetoroka, au mpelelezi anayewatafuta wakimbizi waliotoroka. Waliosema hayo kwa sauti kubwa zaidi walikuwa wale ambao babu zao walivuka mpaka uleule. Kwa wageni wa aina nyingine tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa Mzee Jazi, kila mwenyeji aliyekohoa alisema amekohozwa.

Jina hilo la Jazi tulimpa sisi. Alipoulizwa kazi yake alijibu, "Nilikuwa jazi," kama mtu anavyosema nilikuwa askari.

Jambo lililoshinda yote lilikuwa tarumbeta lenyewe. Kila alasiri alitoa kigoda nje ya mlango wake, akalifungua gunia, akalitoa tarumbeta na kuliweka mapajani. Alikata ndimu, akaichovya kwenye jivu, akasugua shaba polepole mpaka ikawaka. Kisha akalishika sawasawa, akaweka vidole vitatu kwenye vile vitufe vya juu, akavibonyeza upesi upesi huku amefumba macho. Bila kupuliza. Mdomo ulikuwa mbali kabisa. Nilikuwa nikimtazama kutoka nyuma ya pipa la maji, na nilisikia vitufe vikigonga, tiki tiki tiki, kwa muda wa wimbo mzima, kisha akalifunga tena ndani ya gunia.

"Tarumbeta lisilopigwa ni la nini?" Mama Yustina, jirani yetu, alimwuliza Bibi siku moja wakimenya mihogo.

"Ni lake," Bibi alisema.

"Najua ni lake. Nauliza ni la nini. Mwenye ngoma anapiga. Mwenye jembe analima. Huyu anabonyeza tu. Anamwita nani?"

"Mimi ananilipa mwisho wa mwezi. Hayo mengine sijui."

"Ego, ndiyo, hujui," Mama Yustina akasema, akarudi kwenye mihogo yake. "Siku moja utajua."

Zaidi ya hayo, alikuwa hafungui mdomo mbele za watu. Alizungumza kiganja kikiwa usoni, na akicheka aligeuka ukutani. Ni mimi peke yangu aliyeniacha nione, labda kwa sababu nilikuwa mtoto, na kwa sababu mwaka huo mimi mwenyewe nilikuwa sina meno ya mbele. Yeye hakuwa na manne ya juu. Pale palikuwa peupe, au tuseme peusi, kama mlango uliong'olewa. Kila asubuhi nikienda shule alinisalimu, "Hujambo, pengo mwenzangu?" Mtoto mwingine angecheka. Mimi nilijiuliza kwa nini anafurahia pengo langu kiasi hicho.

Hapa inabidi nieleze habari ya meno yangu, maana ndiyo kesi yenyewe. Kwetu jino la mtoto likitoka haliwekwi. Unalirusha juu ya paa na kumwambia panya achukue hilo bovu akuletee zuri. Bibi alilisisitiza sana jambo hilo. Jino ni mtu, alisema. Anayetunza jino lako amekushika. Wenzangu wenye nyumba za nyasi walirusha, jino likazama kwenye nyasi, ikaisha. Letu lilikuwa bati. Nilirusha la kwanza nikalisikia likigonga, likaserereka, likabingirika kuelekea nyuma, kisha kimya. Nyuma ni wapi? Mlangoni kwa Mzee Jazi. Nilikwenda kutafuta chini ya ukingo wa bati na sikuona kitu. La pili hivyohivyo. La tatu na la nne pia.

"Panya amechukua," Bibi alisema.

Sikubishana. Ila nilikuwa nimemwona panya wa kwetu, na hakuwa mtu wa kuwahi hivyo.

Nikaanza kumchunguza. Siku moja nilirudi shuleni mapema kwa homa, Bibi akiwa shamba la mbali, na nilipoingia uani nikasikia harufu ya nta, ile nta ya mizinga ya nyuki ambayo watu huleta kutoka pande za Kibondo. Nikanyata mpaka mlangoni kwake. Ubao mmoja wa mlango ulikuwa umeachana na mwenzake, ukiweka jicho unaona kitanda na nusu ya meza. Mzee alikuwa amekaa na kopo la kahawa mbele yake. Alilifungua, akamimina kitu kwenye kiganja.

Meno. Niliyahesabu: manne.

Alilainisha nta juu ya jiko la mkaa, akaikanda, akaibandika kwenye ufizi, kisha akayapachika meno moja baada ya jingine, akiyabana yashikane. Alifunga mdomo. Alisubiri. Halafu akalitwaa tarumbeta, na kwa mara ya kwanza nikamwona akilifikisha mdomoni.

Nilitegemea kitu cha kutisha, na kilichotoka ndicho kilichonitisha zaidi, kwa sababu kilikuwa kizuri. Alipiga kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa, lakini kila sauti ilikuja nzima na kukaa mahali pake. Migomba ilinyamaza. Homa yangu ikaniacha, au nadhani iliniacha. Haikuchukua muda. Pumzi yake ililainisha nta, meno yakaanza kulegea, akayatemea kiganjani na kukaa akiyatazama. Alikuwa analia na kucheka pamoja, na mimi, nikiwa mtoto wa Bibi yangu, nikashuku vyote viwili.

Nilijua ninachokiona. Meno manne yangu, mdomoni mwake. Ni kweli yangu yalikuwa madogo kama mchele, na yale yalikuwa makubwa, ya njano, tena yalikuwa na mizizi mirefu. Lakini hata hilo nililipatia maelezo. Maharage ukiyaweka pamba yenye maji yanaota mizizi. Tulikuwa tumefundishwa shuleni wiki hiyohiyo. Basi meno yangu nayo yameota. Ameyapanda kwenye jivu.

Siku ya gulio alipokwenda kununua ndimu, niliingia chumbani kwake. Nakumbuka chumba kilivyokuwa safi, kitanda kimetandikwa kijeshi, shati moja kwenye msumari. Nilifungua kopo ili nichukue meno yangu yote. Nilikuwa nimeshika moja tu niliposikia viatu kwenye kokoto. Nikafunga kopo, nikatoka mbio kwa nyuma, nikajificha kwenye migomba na jino ngumini. Hakuwa yeye. Alikuwa mpita njia tu. Ila sikuwa na ujasiri wa kurudi.

Nilimwambia Yustina, binti wa jirani, baada ya kumwapisha kwa Bikira Maria. Habari ya jino lililokuwa mkononi mwangu sikumpa, maana hata yeye sikumwamini kiasi hicho. Nilimwambia tu kwamba Mzee Jazi anatunza meno yangu kwenye kopo. Yustina alimwambia mama yake kabla viazi havijaiva. Kesho yake yalikuwa meno ya watoto. Kufika Jumapili, tunatoka kanisani, yalikuwa meno ya maiti. Lisemwalo lipo, watu walisema, kama halipo laja. Nami nilijua lipo, kwa kuwa nililivaa kwenye pindo la gauni.

Mwaka huo mbuzi walikuwa wamekufa sana, na kijana mmoja alianguka shambani hakuinuka, basi kijiji kilikuwa kimekwisha kuita kamchape. Kwa asiyewajua, hao ni waganga wa kuzunguka, wanaokuja kufichua wachawi. Wanaingia nyumba hadi nyumba, wanachimba sakafu, wanatoa pembe na vichupa ambavyo mwenye nyumba anaapa hajapata kuviona. Leo nashuku vichupa vile waliingia navyo wenyewe. Siku zile hatukushuku hilo. Ni ajabu jinsi watu wa kushuku wanavyoacha kushuku panapotakiwa. Aliyekutwa na kitu alinyolewa kipara, akachanjwa chale, na baada ya hapo alihama, maana hakuna aliyemuuzia hata chumvi.

Walikuja mchana wa jua kali, watu watatu, na umati nyuma yao. Mkubwa wao alivaa miwani myeusi na kanga kiunoni. Nilipowaona wanapinda kwetu nikakumbuka kwamba kamchape hupekua hata nguo za watoto. Sikuwa na pa kulitupa. Nikalitoa lile jino kwenye pindo na kulitia mdomoni, kwenye shavu.

Hawakuhangaika na upande wetu. Walikwenda moja kwa moja nyuma, hawakuchimba hata kidogo, na wakatoka na kopo la kahawa. Nani aliwaelekeza, sihitaji kusema. Mzee Jazi alisimamishwa katikati ya ua, mkono usoni kama kawaida. Bibi alisimama mlangoni kwake, hakuthubutu kutoka. Sikujua wakati ule anaogopa nini. Sasa najua: mpangaji akiwa mchawi, anayefuata ni mjane aliyempangisha.

"Hiki nini?" yule wa miwani akauliza, akitikisa kopo.

"Meno."

"Ya nani?"

"Yangu."

Watu wakacheka. "Mwenye meno anayaweka mdomoni," mtu mmoja akasema.

"Yalikuwa mdomoni," Mzee Jazi akasema. Akaondoa mkono usoni, na kijiji kizima kikaliona pengo lake kwa mara ya kwanza. "Gari la bendi lilipinduka tukitoka kupiga Tabora. Niliyaokota mwenyewe kwenye vumbi, moja moja. Bendi ilinisubiri mwezi mmoja, ikachukua mwingine. Mpiga tarumbeta bila haya ya mbele hana kitu, midomo haina pa kuegemea. Nimelinda maghala, nimebeba mizigo, nimeshona viatu. Mke alichoka akaenda zake. Kila mahali nilipolala, kopo hili lilikuwa chini ya kichwa. Daktari mmoja aliniambia kuna namna ya kuyarudisha. Nilikuwa bado nangoja."

 Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mzito asiyependa kelele, akakuna kidevu. "Maneno tumesikia," akasema. "Wewe unasema ni mpigaji. Basi yaweke, upige. Ukipiga tukasikia, hawa wanaondoka hapa, nami nitasimama na wewe. Usipopiga, sina la kuwaambia watu hawa."

Yule wa miwani hakupenda, lakini umati ulipenda. Mtu akaleta tarumbeta. Mzee Jazi akatoa donge la nta mfukoni, akaanza kulikanda kwa vidole, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu aje: alikuwa anajiandaa, kama mtu anayeitwa jukwaani. Akapewa kopo, akalifungua. Akatoa la kwanza, la pili, la tatu. Akaligeuza kopo, akalitikisa. Akapiga magoti, akapapasa vumbi.

"Yalikuwa manne," akasema.

Mdomoni mwangu mate yalikuwa yamejaa. Jino lilikuwa na ladha ya nta na kahawa. Nililigusa kwa ulimi, nikaupeleka ulimi kwenye pengo langu, nikagundua meno mapya yalikuwa yameanza kuchomoza pale, madogo, yenye kingo kama za msumeno. Panya alikuwa ameleta yangu. Hapo ndipo nilipojua, nikiwa nimesimama mbele ya watu, kwamba lililokuwa shavuni mwangu halikuwa langu na halijapata kuwa langu.

Aliyapachika matatu. Alijaribu. Sauti mbili zilitoka safi, safi kabisa, na nilimwona Mama Yustina akiinua kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina. Kisha jino lililokosa mwenzake likaegemea pengo, likawavuta mengine, upepo ukapasuka pembeni, na meno yote matatu yakaanguka miguuni pake. Watu wakaguna.

"Yalikuwa manne," akasema tena, kama anamsihi mtu. "Yakiwa manne yanashikana."

"Mtoto ndiye aliyeyaona," Mama Yustina akasema. "Aulizwe."

Wote wakanigeukia. Mwenyekiti akainama kidogo. "Mwana, usiogope. Kwenye kopo uliona meno mangapi?"

Nikisema manne, nafungua mdomo. Nikifungua mdomo, linaonekana. Hata nikiinua vidole vinne, wataulizana la nne liko wapi. Nilimtazama Bibi, na Bibi alikuwa ananitazama shavu. Hakuutazama uso wangu hata kidogo. Midomo yake ilikuwa imebanwa mstari mmoja.

Nikainua vidole vitatu.

Mzee Jazi alikuwa bado amepiga magoti, macho yake yakiwa sawa na yangu. Aliviangalia vidole. Akaniangalia shavu, muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Nilingoja anyooshe mkono, anibane taya, jino litoke mbele ya kijiji kizima. Angeweza, nilikuwa hatua mbili tu.

"Basi ni matatu," akasema, akasimama akijikung'uta vumbi. "Nimehesabu vibaya. Uzee huo."

Walimnyoa palepale uani, bila maji. Meno yake waliyaponda kwa jiwe na kuyatia motoni. Tarumbeta walimwachia, kwa kuwa hata kamchape hawakujua la kulifanyia. Kabla jua halijalala alikuwa barabarani, begi begani na gunia mkononi, akielekea Kibondo, na damu ya chale ikiwa imekaukia shingoni. Hakuna aliyemsindikiza. Nilitamani aniambie pengo mwenzangu mara moja tu, nijue amekasirika au la, lakini alipita bila kugeuka.

Tukiwa jikoni, Bibi alininyooshea kiganja. "Tema, mwana wanje," akasema kwa Kiha, yaani mwanangu.

Nikatema. Alilitazama lile jino la njano, mzizi wake mrefu, akaufunga mkono, akaufungua. Nilitegemea fimbo. Alinirudishia.

"Hilo sasa ni lako," akasema, akaendelea kuchochea moto. Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki, na mpaka leo sijui ni lini hasa alijua. Nashuku alijua tangu aliposimama mlangoni, na kwamba alipima, mpangaji na nyumba, akachagua nyumba. Namwelewa. Kumsamehe ni habari nyingine, kwa maana nami ningetakiwa nijisamehe, na hapo ndipo ninapokwama.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wawili, nimekwenda Kibondo kununua maharage ya jumla. Kwenye baraza ya duka la Mwislamu mmoja, mtu mwenye asili ya pwani, nilimkuta mzee amekaa kwenye kigoda anatengeneza miavuli. Tarumbeta lilikuwa limetundikwa ukutani nyuma yake, linang'aa. Mwenye duka aliniona nikilitazama. "Huyu mzee wangu alikuwa fundi wa muziki huyu," akaniambia. "Lakini ng'ombe wa maskini hazai, dada. Hata vijana wa redio wanaopiga nyimbo zake hawajui yu hai."

Nililibeba jino siku zote, kwenye kikopo cha mafuta ya mgando, ndani ya pochi. Sijui kwa nini. Mtu huwezi kutembea na kitu namna hiyo na kujidai una akili timamu. Nikachuchumaa mbele yake, nikamsalimu, "Shikamoo, Mzee." Akaitika marahaba bila kuinua macho kwenye mwavuli. Nikafungua kikopo, nikaliweka jino kwenye kiganja chake. Nilikuwa nimeandaa maneno miaka mingi. Yalitoka mawili tu.

"Ni lako."

Aliligeuza kwa dole gumba. Aliligeuza tena. Nikaona ulimi wake, ndani ya mdomo uliofungwa, ukienda juu, mbele, upande wa kushoto, mahali penyewe hasa, ukakaa pale. Kisha akalirudisha mkononi mwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akivibonyeza vile vitufe.

"Si langu hili," akasema. "Hili ni la mtoto. Lirushe juu ya bati, panya akuletee zuri." Akainua macho. "Umeota meno mazuri, pengo mwenzangu."

Sikulirusha. Nilishuku. Nilijiambia pengine ameniambia hivyo ili niondoke, pengine ni hila, pengine hakunikumbuka na anawaita hivyo watu wote. Nilirudi nalo Kasulu na kulifungia kabatini, na kila mara niliposema nitakwenda tena Kibondo kumwuliza vizuri, palitokea jambo. Kumbe nilikuwa naogopa kwamba ataniambia lilelile.

Sasa redio imenyamaza na maharage yameungua. Nimetoka uani na kikopo. Nyumba yangu nayo ni ya bati, na majirani wanaofua kule wananitazama, mwanamke wa umri wangu, wakijiuliza nina nini leo. Waache washuku. Nimemwomba panya kama nilivyofundishwa, nikarusha. Limegonga, likaserereka, likabingirika kwenda upande wa nyuma, na sikwenda kutazama limeangukia wapi.